Ukungu wa Ute Hausamehe Uzembe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kiumbe kinachozungumzwa hapa ni Dictyostelium discoideum, ukungu wa ute ambao Kenneth Raper aliupata mwaka 1933 kwenye majani yanayooza katika msitu wa milima ya North Carolina, Marekani, akauchapisha mwaka 1935. Maisha yake yanaelezeka kwa pumzi moja. Chakula kikiwepo, kila amiba huishi peke yake udongoni, akila bakteria na kugawanyika. Chakula kikiisha, maelfu hukusanyika, hugeuka mwili mmoja unaotambaa, mwili ule husimama, na ndani ya saa 24 hivi panakuwa na kikonyo chembamba kilichobeba kitone cha spora. Takriban seli moja katika kila tano imekufa ili kikonyo kisimame. Nne zilizobaki zimekuwa spora, nazo zitaishi.

Nani amepanga huyu afe na yule aishi? Amiba hao huenda wote wametokana na mmoja, jeni zao ni zile zile, hawana ubongo wala mkubwa wao. Kinachogawa kazi ni kemikali wanazozitoa wenyewe na kuzipokea wenyewe. Jambo hili limechunguzwa tangu miaka ya 1940, na bado linafundishwa vibaya, linaandikwa vibaya, na maabarani linafanywa vibaya. Maagizo yafuatayo ni ya mwanafunzi, mwalimu na mwandishi wa sayansi. Asiyependa kuamriwa aishie hapa.

Usiuweke kwenye kundi la kuvu.

Hauna undugu wa karibu na ukungu wa mkate. Ni amiba, wa kundi la Amoebozoa. Wala usiuchanganye na Physarum, ule ute wa manjano unaotambaa juu ya magogo na kupendwa na wapiga picha. Physarum ni seli moja kubwa yenye viini visivyohesabika. Dictyostelium hukusanya seli ambazo kila moja hubaki na utando wake mpaka mwisho. Ukikosea hapa, swali zima la ishara limekufa, maana hakuna haja ya kutumiana ujumbe mahali ambapo hakuna wawili.

Waoshe, kisha waache na njaa yao.

Njaa ndiyo inayoanzisha kila kitu, na amiba aliyebakiziwa bakteria sahanini hataanza chochote. Lakini hata kabla ya njaa wanapimana idadi. Kila amiba anayekua hutoa protini inayoitwa PSF, na bakteria waliopo huzuia amiba kuiitikia. Amiba wakiongezeka na bakteria wakipungua, uwiano huo huwapa taarifa kwamba njaa iko njiani. Ikishafika, hutoa protini nyingine, CMF, na hii isipofikia ukolezi wa kutosha hawaitikii sawasawa ishara ya kukusanyika. Kwa hiyo anayetandaza amiba wachache mno, kisha akaandika kwenye daftari kwamba jaribio limeshindikana, hajui alichokiona. Jaribio limefaulu: wamejipima, wakaona hawatoshi.

Osha bakteria kwa bafa baridi, zungusha kwenye sentrifuji, rudia, kisha tandaza amiba kwa wingi juu ya agari isiyo na lishe. Joto liwe nyuzi 21 au 22. Chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi kitaiharibu kazi kabla hujafunua darubini.

Usiseme "wanaitana" ukaishia hapo.

Sema nani alithibitisha, na kwa njia gani. John Tyler Bonner alipenda majaribio mepesi, na lile la mwaka 1947 ni jepesi kiasi cha kumtia mtu wivu. Aliwaweka chini ya maji amiba waliokuwa wanakusanyika, kisha akayafanya maji yatiririke polepole kuelekea upande mmoja. Amiba waliokuwa upande ambao maji yanaelekea waliendelea kukikimbilia kituo cha mkusanyiko. Waliokuwa upande ambao maji yanatoka walipoteza dira. Basi mvuto ule hauwezi kuwa wa mguso, wala wa umeme, wala wa miale ya aina yoyote: ni kitu kinachoyeyuka na kuchukuliwa na maji. Bonner akakipa jina akrasini, kutokana na Acrasia, mchawi wa kike katika utenzi wa Edmund Spenser, anayevuta wanaume kisha kuwageuza wanyama.

Ilichukua miaka 20 kujua akrasini ni nini. Sababu moja ni kwamba kila ilipokusanywa ilitoweka. Brian Shaffer alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba amiba wenyewe hutoa kimeng'enya kinachoivunja. Mwaka 1967 Theo Konijn, pamoja na Bonner na wenzao, walitangaza kwamba akrasini ya Dictyostelium discoideum ni AMP ya mduara, ambayo maabara zote huiandika cAMP. Wakati huo molekuli hii ilikuwa tayari inafahamika kama mjumbe wa ndani ya seli za wanyama, kazi iliyompatia Earl Sutherland tuzo ya Nobel mwaka 1971. Mwilini mwetu inafanya kazi yake ndani ya seli. Amiba huyu anaitupa nje, kwa wenzake.

Usimwage cAMP sahanini ukidhani umewasaidia.

Hili ni kosa la watu wenye haraka. Wamesoma kwamba cAMP ndiyo inayovuta amiba, wakahitimisha kwamba ikiwa nyingi itavuta zaidi. Haivuti. Kinachomwongoza amiba ni kupanda na kushuka kwake, na upande ambao imeanza kupanda.

Amiba mmoja mwenye njaa hutoa pigo la cAMP. Jirani hulipokea kwa kipokezi kilicho juu ya utando wake, cAR1, husogea kuelekea lilikotoka, na wakati huo huo kimeng'enya chake, adenili saiklasi A, hutengeneza cAMP mpya na kuitoa nje. Kisha hunyamaza kwa muda. Mwendo wake ni ule wa vigelegele harusini: mmoja akianza, wa pembeni hudaka, na wa mbele yake hudaka pia, sauti ikaenda hadi mwisho wa ukumbi, lakini kila aliyepiga lazima avute pumzi kabla ya kupiga tena. Kwa sababu ya pumzi hiyo, wimbi haliwezi kurudi lilikotoka. Katikati ya wimbi moja na jingine, fosfodiesterasi, kile kimeng'enya cha Shaffer, husafisha cAMP iliyobaki ili pigo linalofuata lisikike. Mawimbi hupita kila baada ya dakika 6 hivi, na ukiupanga vizuri mwanga wa darubini utayaona kwa macho yako: pete na mizunguko ya mwanga na kivuli, kwa sababu amiba anayetembea hutawanya mwanga tofauti na aliyetulia.

Ukiijaza sahani cAMP, vipokezi vyote vinashiba kwa mara moja. Hakuna kupanda, hakuna kushuka, hakuna upande. Ukitaka kuiga asili, tia kidogo kidogo kwa mapigo, kila dakika 6. Maabara zimefanya hivyo miaka mingi, na amiba walio ndani ya chupa inayotikiswa huwasha jeni zao za kukusanyika kana kwamba wamo msituni.

Na kikombe chako cha kahawa kiache nje. Sisemi hivyo kwa sababu ya usafi peke yake. Kafeini huzuia kuamshwa kwa adenili saiklasi. Amiba anaisikia cAMP ya jirani, lakini haipokezani. Anayeitumia kwa makusudi, kwa kipimo, ana chombo kizuri cha kuuliza ni kazi gani inahitaji kupokezana na ipi haihitaji. Anayeimwaga kwa uzembe hana hoja yoyote.

Usimtafute mfalme.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba katikati ya kila mkusanyiko kuna seli maalumu iliyozaliwa kuongoza, na nyingine hufuata. Mwaka 1970 Evelyn Fox Keller na Lee Segel walionyesha kwa hesabu kwamba hahitajiki kiongozi: amiba wote wakiwa sawa, wakitoa kemikali na kuielekea, utulivu wa sahani huvunjika wenyewe na vituo huzuka. Baadaye Keller aliandika kuhusu ukaidi wa wanabiolojia wenzake waliokataa kumwacha mfalme wao hata pale ushahidi ulipokosekana. Kuna amiba wanaotangulia kutoa pigo, ndiyo. Lakini kutangulia si cheo. Mwalimu anayechora kituo chenye amiba mwenye taji afute ubao.

Usiipe kemikali moja maana moja.

Ningeruhusiwa agizo moja tu, ningetoa hili.

Fuatilia cAMP tangu mwanzo hadi mwisho. Saa za kwanza za njaa, mapigo yake madogo huwasha jeni za kukusanyika na huwaonyesha amiba njia. Wakishakuwa mwili mmoja, cAMP nyingi isiyokatika, nje ya seli, huwasha jeni za spora na kuzuia zile za kikonyo. Wakati wa kukomaa, cAMP iliyoko ndani ya seli huamsha kimeng'enya PKA, na bila PKA hakuna spora wala kikonyo kitakachokamilika. Na spora ikishakamilika, cAMP inayotengenezwa ndani yake na saiklasi nyingine, ile inayohisi wingi wa chumvi na vitu vilivyoyeyuka kuizunguka, huifanya iendelee kulala. Molekuli ni ile ile moja, haijabadilika hata atomu.

Kilichobadilika ni kila kitu kingine. Vipokezi hupokezana zamu: cAR1 hutangulia, cAR3 hufuata, cAR2 na cAR4 huja baadaye, na vingine kati ya hivi vinahitaji cAMP nyingi zaidi kabla ya kuitikia. Mdundo umebadilika, kutoka mapigo hadi mfululizo. Mahali pamebadilika, kutoka nje hadi ndani. Na seli yenyewe si ile ya jana. Jeni zilizowashwa asubuhi zinaamua jinsi itakavyousikia ujumbe wa jioni. Kwa hiyo anayeandika kwamba kemikali fulani "huamuru seli iwe spora" ameandika nusu ya sentensi. Alazimike kuimalizia: kwa seli ipi, saa ngapi baada ya njaa, kwa ukolezi gani, kupitia kipokezi kipi. Mtahini akiniuliza, nusu ya sentensi haina nusu ya alama.

Kata koa kabla ya kutoa maoni.

Mwili ule unaotambaa, wenye seli zinazoweza kufika laki moja, wataalamu huuita koa, kwa umbo lake. Hufuata mwanga na joto, ukiacha nyuma yake ala tupu ya ute. Robo ya mbele, au pungufu kidogo, ndiyo itakayokuwa kikonyo. Seli za nyuma zitakuwa spora. Ukitia rangi nyekundu isiyoua seli, sehemu ya mbele hukolea na unaiona mipaka.

Anayeishia hapo ataamini kwamba hatima imeshaandikwa. Raper alimkata koa, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1940 hayajachuja. Kipande cha mbele kikilazimika kusimama mapema, hutoa kikonyo kikubwa na spora chache. Kikiachwa kitambae kwanza, seli zake hujigawa upya, na mwishoni unapata umbo dogo lenye uwiano uleule wa kawaida. Kipande cha nyuma nacho hupata mbele mpya. Maana yake ni kwamba seli hizi, hata baada ya kuchagua, zinaendelea kusikiliza. Wembe mwembamba na mkono usiotetemeka vinatosha kuliona hilo. Sijaona sababu ya mwanafunzi wa biolojia kumaliza shahada bila kufanya hivyo.

Usimsimulie DIF-1 kama hadithi iliyokwisha.

Vitabu vingi bado vina sentensi safi: cAMP hufanya spora, DIF-1 hufanya kikonyo. Sentensi hiyo ilikuwa na heshima zamani.

Mwaka 1976 Town, Gross na Kay walionyesha kwamba amiba waliotengwa wanaweza kugeuka seli za kikonyo bila kujenga umbo lolote, mradi wapate cAMP na kitu kidogo kinachotolewa na wenzao walio wengi. Kukipata kitu hicho kikiwa safi kulihitaji zaidi ya miaka kumi, kwa sababu hufanya kazi kwenye ukolezi wa nanomola, yaani amiba hutengeneza chembe ya chembe. Mwaka 1987 umbo lake likajulikana: molekuli ndogo ya pete ya kaboni yenye atomu 2 za klorini. Wakaiita DIF-1. Klorini kwenye homoni ya amiba ni jambo la kushangaza, na ninaelewa kwa nini watu waliipenda.

Halafu ikaja hali isiyopendeza kwa wapenda mambo safi. DIF-1 hutengenezwa kwa wingi na seli za nyuma, zile za spora, na huvunjwa na seli za mbele, zile zinazosemekana kuihitaji. Mwaka 2000 Christopher Thompson na Robert Kay wakafuta jeni dmtA, ambayo bila yake DIF-1 haikamiliki. Kama sentensi safi ingekuwa kweli, kikonyo kingetoweka. Hakikutoweka. Zilizokosekana ni baadhi tu ya seli za mbele, na kazi za baadaye zilionyesha kwamba kinachoihitaji kweli ni kitako kinachoshika chini ya kikonyo. DIF-1 ina kazi yake, tena ya maana, lakini si mwenye nyumba.

Nani basi anajenga kikonyo? Mwaka 2012 Zhi-hui Chen na Pauline Schaap wa Dundee, Uskoti, walitoa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia: c-di-GMP, molekuli iliyokuwa ikijulikana kama mjumbe wa bakteria. Kimeng'enya kinachoitengeneza kiko kwenye ncha ya koa. Ukifuta jeni yake, koa anaendelea kutambaa bila kusimama. Kiumbe kinachokula bakteria kinatumia ishara ya aina ya bakteria kuua baadhi ya seli zake.

Fundisha hayo yote, pamoja na vurugu yake. Mwanafunzi aliyepewa mshale mmoja kutoka DIF-1 hadi kikonyo ameibiwa.

Uliza seli imetoka wapi.

Amiba hawaingii kwenye njaa wakiwa sawa. Yule aliyekamatwa na njaa mara tu baada ya kugawanyika huelekea mbele. Aliyekamatwa akiwa anakaribia kugawanyika huelekea kwenye spora. Waliolishwa glukosi, wakichanganywa na walionyimwa, hujaa kwenye spora. Ishara haziangukii ardhi tupu. Kwa hiyo andika daftarini umewakuza kwa chakula gani na kwa msongamano gani, kila mara, hata kama unaona ni upuuzi.

Usiifunike amonia.

Amiba mwenye njaa huchoma protini zake, na mabaki yake ni amonia. Mwingine angeiita taka. Kwa koa ni habari. Akiwa chini, kati ya majani na chembe za udongo, amonia hukaa kumzunguka, naye huendelea kutambaa. Akitokeza juu, kwenye hewa wazi, amonia hutawanyika, naye husimama na kujenga. Kwa hesabu hiyo ya gesi, spora hupandishwa pale ambapo mdudu anayepita anaweza kuzibeba.

Vikonyo vilivyo jirani husimama vikikwepana, kila kimoja kikiinamia mbali na gesi. Bonner alipoweka kipande cha mkaa karibu, vikonyo viliuinamia mkaa, kwa kuwa mkaa hufyonza gesi hiyo. Jaribio hili lina gharama ya mkaa, na sahani yake inafaa kuonyeshwa darasani kuliko picha yoyote ya kitabuni. Kwa kazi ya kila siku, agizo ni fupi: usirundike sahani zilizozibwa kwa mkanda kisha ushangae koa wanaozunguka siku nzima. Acha hewa ipite.

Usiondoke kabla spora hazijaiva.

Wengi hupiga picha ya kikonyo kikisimama na kufunga daftari. Mazungumzo makali kuliko yote yanatokea dakika zile za mwisho, kwa sababu spora ikijifunga mapema itabaki chini, nje ya kitone, na ikichelewa itakauka. Seli za spora hutoa protini iitwayo AcbA. Seli za kikonyo, kwa mkasi wao TagC, huikata na kupata peptidi ya asidi amino 34, SDF-2. Peptidi hii hurudi kwa seli za spora, hushika kipokezi DhkA, cAMP ya ndani hupanda, na ukuta wa spora hufungwa kwa haraka. Yaani anayekufa ndiye anayempa anayeishi ruhusa ya kujifunga. Kinachoziambia seli za spora ziachie AcbA ni GABA, molekuli ile ile inayotuliza seli za ubongo wetu, na protini ya ukoo wa AcbA imo kichwani mwetu pia, ikihusiana na vipokezi vinavyoshikwa na dawa ya diazepamu. Sitoi hitimisho lolote kutokana na hilo, na wewe usitoe.

Ndani ya kitone, spora huzuiwa kuota na diskadenini, jamaa ya saitokinini za mimea. Kabla ya kuziotesha, zioshe. Zisipooshwa hazioti, na kosa si lao.

Usimpe amiba moyo wa mtu.

Hili nawaambia waandishi. Acheni kuandika kwamba seli za kikonyo "hujitoa mhanga kwa upendo". Hakuna upendo, kuna jamaa. Amiba wanaofanana jeni wakikusanyika, anayekufa ameziacha jeni zake ndani ya spora za ndugu. Lakini udongoni koo tofauti hukaa sentimita chache tu kutoka nyingine, na hukusanyika pamoja. Mwaka 2000 Joan Strassmann, Yong Zhu na David Queller walichanganya koo zilizotoka porini, wakakuta katika baadhi ya michanganyiko ukoo mmoja unajaza spora kuliko haki yake na kuuachia mwenzake kikonyo. Mwaka huo huo ikaelezwa jeni ambayo ikiharibika humfanya mwenye hali hiyo awe tapeli wa kudumu: akiwa na wengine huingia kwenye spora, akiwa peke yake hawezi kutengeneza spora za maana.

Hapa ndipo ishara za kemikali zinapopata uzito ambao vitabu huusahau. Kwa nini asitokee tapeli anayepuuza DIF-1 tu, akakataa kazi ya kikonyo na kuishi? Kevin Foster na wenzake waliuliza swali hilo kwa jeni dimA, na jibu lao la mwaka 2004 lina ukali wake. Aliyeharibika dimA haisikii DIF-1, na mwanzoni kweli hukimbilia upande wa spora. Lakini akiwa kati ya wazima, huishia kutolewa kwenye spora. Jeni ile ile inayosikiliza wito wa kikonyo ina kazi pia katika kufika kuwa spora, kwa hiyo anayeziba sikio moja amejizibia na mlango. Juu ya hayo, protini mbili za utando, TgrB1 na TgrC1, huwawezesha amiba kutambua jamaa na kujitenga na wageni, japo si kwa ukamilifu. Andika hayo. Yana msisimko wa kutosha bila kuongezewa machozi.

Linganisha na binadamu pale tu panapolinganishika.

Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2005, ikiwa na jeni zipatazo 12,500. Jinsi amiba anavyohisi upande wa cAMP na kuusogelea inafanana sana na jinsi chembe nyeupe za damu yetu zinavyofuata bakteria. Kazi ya Peter Devreotes na wenzake huko Johns Hopkins ilisimama juu ya mfanano huo. Linganisha hapo. Usilinganishe kifo cha kikonyo na saratani, wala mkusanyiko wao na siasa.

Usidhani spishi moja ni zote.

Polysphondylium violaceum haitumii cAMP kukusanyika; hutumia glorini, molekuli iliyojengwa kwa asidi amino 2, ambayo Osamu Shimomura, yule wa protini ya kung'aa kijani, aliibainisha na wenzake mwaka 1982. Dictyostelium minutum hutumia asidi foliki, kitu ambacho amiba wa discoideum wanakifuata wakiwa bado wanawinda bakteria. Dictyostelium lacteum hutumia kitu cha jamii ya pterini. Kila spishi imechukua kemikali yake.

Kwa hiyo, wewe uliye chuo kikuu Morogoro, Nairobi, Kampala au Bujumbura, usikae ukingoja amiba wa North Carolina watumwe kwa ndege. James Cavender alishachapisha mwaka 1969 orodha ya viumbe hawa kutoka udongo wa misitu ya Afrika Mashariki. Nenda msituni, baada ya kupata kibali kwa wenye mamlaka ya hifadhi. Chota udongo wa juu kabisa, ule ulio chini ya majani. Uchanganye na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, umwage kwenye agari ya maji ya nyasi kavu pamoja na bakteria wasio na madhara, kisha ukague kila siku kwa darubini ndogo. Vikonyo vikisimama, chukua spora kwa sindano na uzioteshe peke yake. Halafu, kabla ya kuandika neno lolote kuhusu ishara ya amiba uliyempata, mpe cAMP, mpe glorini, mpe asidi foliki, na uandike ameitikia ipi.